Kaburi Lisilo na Mwenyewe

Mwaka 214 BK, Kaizari Caracalla alifika Ilion, mji wa pwani ya Asia Ndogo uliojinadi kuwa ndio Troya ya hadithi. Akaenda kwenye tuta lililoitwa kaburi la Achilles, shujaa mkuu wa Wagiriki katika vita vya Troya, akalipamba kwa mashada ya maua. Kumheshimu Achilles hakukumtosha, akataka kuwa Achilles mwenyewe. Kwa kuwa Achilles alimzika rafiki yake Patroclus, Caracalla naye alihitaji wa kumzika, na Festus, mtu wake wa karibu, akafariki kwa wakati uliofaa kabisa. Mwanahistoria Herodian anasema wengine walidai Festus aliugua, wengine wakadai kaizari alimwekea sumu ili mazishi yapatikane. Kuni zikapangwa, wanyama wakachinjwa, divai ikamiminwa. Ilipofika zamu ya kukata nywele na kuzitupa motoni, kama Achilles alivyofanya, watu wakaangua kicheko: kaizari alikuwa karibu kipara. Alizikata hivyo hivyo, chache alizokuwa nazo.

Kisa hiki hupendwa kwa sababu ya kicheko chake, na kicheko hicho ndicho kinachotupitisha mbio bila kuuliza lile tuta lilikuwa la nani. Matuta ya namna hiyo yametapakaa katika uwanda wa Troya, na mojawapo ya yale yanayohusishwa na Achilles, Sivri Tepe, lilichimbwa miaka ya 1980 na wanaakiolojia waliokuwa chini ya Manfred Korfmann. Shujaa hakuonekana. Chini kabisa kulikuwa na mabaki ya kijiji kilichotangulia hata Troya ya kwanza, na juu yake udongo uliorundikwa katika karne zilizofuata Alexander Mkuu, watu walipokuwa tayari wanajua mgeni anataka kuoneshwa nini. Hadithi ilitangulia, kaburi likafuata.

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Tunaposoma kwamba Warumi, au watu wa enzi zao, waliyageuza matuta ya kale kuwa mahali patakatifu, tunaelekea kufikiri kwamba kumbukumbu ilidumu: kwamba babu alimwambia mjukuu, naye akamwambia wake, hadi sadaka ikafika pale inapostahili. Naona kinyume chake. Matuta hayo yalifaa kwa ibada mpya kwa sababu hakuna aliyekumbuka chochote juu yake. Maiti mwenye jina ana warithi, na warithi hugomba. Maiti asiye na jina humkubali yeyote anayemjia na ubani na kisa.

Watu wa Ilion walilijua hili kuliko wote, na wakalifanyia biashara. Warumi walijiita kizazi cha Aeneas, mkimbizi wa Troya. Basi mji uliokuwa na makaburi ya Troya ulikuwa na hati ya undugu na watawala wa dunia. Mwanajiografia Strabo anaandika kwamba wenyeji walitoa kafara kwa Achilles, Patroclus, Antilochus na hata Ajax, yaani kwa mashujaa wa jeshi lilelile la Wagiriki ambalo katika hadithi ndilo lililouteketeza mji. Sioni ajabu yoyote. Wageni Wagiriki walikuja kwa ajili ya Achilles, wageni Warumi kwa ajili ya Hector, shujaa wa Troya, na Aeneas, na mwenyeji mwema hamfukuzi mgeni mlangoni. Julius Caesar aliwaongezea ardhi na kuwaondolea kodi. Mwaka 53 BK Nero, angali kijana, alisimama mbele ya Baraza la Seneti kuwatetea, na Kaizari Claudius akawasamehe kodi milele kwa sababu ya asili hiyo. Matuta ya udongo yaliyookoa kodi ya mji mzima si mali ndogo.

Undugu huo haukuwa kinga ya kila siku. Mwaka 85 KK, wakati Warumi wenyewe kwa wenyewe wanapigana, jemadari Fimbria alifika langoni. Watu wa Ilion walikuwa wameshajiweka chini ya hasimu wake Sulla. Mwanahistoria Appian anasimulia kwamba Fimbria aliwapongeza kwa kuwa tayari ni marafiki wa Roma, akataja kwa kejeli ule undugu wa kale, akaomba afunguliwe kama Mrumi mwenzao. Walipomfungulia aliwachinja na kuuchoma mji.

Sasa Kaizari Hadrian. Bahari ilikuwa imelila kaburi lililoitwa la Ajax, mifupa ikawa nje, mikubwa kupita kiasi. Mwandishi Philostratus anasema ilikuwa ya mtu wa dhiraa 11. Hadrian aliikumbatia, akaibusu mingine, akaijengea kaburi jipya. Wapo watafiti wa leo wanaodhani ile ilikuwa mifupa ya wanyama wakubwa waliokwisha kutoweka, ambayo pwani zile huitoa mara kwa mara mawimbi yanapobomoa kingo. Ikiwa ni hivyo, mtawala msomi kuliko wengi waliomtangulia alibusu mfupa wa mnyama kwa heshima zote za kishujaa. Simcheki. Alichokitafuta pale kilikuwa ruhusa: Mrumi aliyependa Ugiriki kupita kiasi alihitaji kuonekana mlezi wa mashujaa wa Kigiriki, na tuta lililobomoka lilimpa kazi ya kufanya hadharani.

Msomaji anaweza kuniambia kwamba Troya ni mfano mwepesi, kwani ilikuwa na mashairi, waongoza wageni na makaizari. Ni kweli. Ndiyo maana kipimo halisi cha hoja kiko mbali na vitabu, huko Ireland, nchi ambayo Roma haikuitawala hata siku moja. Mwanahistoria Tacitus anasema baba mkwe wake, jemadari Agricola, aliamini legioni moja na vikosi vichache vya kusaidia vingetosha kuiteka. Legioni hiyo haikutumwa.

Kwenye bonde la mto Boyne lipo tuta la Newgrange, lililojengwa yapata mwaka 3200 KK. Upana wake ni kama mita 85, limezungushiwa mawe 97 makubwa chini yake, mengine yakiwa yamechorwa mizunguko ya konokono, na ndani yake mna ujia wa mawe wa mita 19 hivi unaoishia kwenye chumba. Nje ya tuta hilo ndiko zilikopatikana sarafu 25 za Kirumi, kuanzia za Domitian, aliyetawala mwaka 81 hadi 96 BK, mpaka za mwishoni mwa karne ya nne. Tuone umbali huo: mtu aliyeiweka sarafu ya Domitian alikuwa mbali na wajenzi wa Newgrange kuliko sisi tulivyo mbali na Domitian, na kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Nyingi zilikuwa mbele ya tuta, upande wa lango, kwenye eneo la mawe marefu yaliyosimama. Kuna za dhahabu, na kuna zilizogeuzwa vipambo vya kuning'iniza. Mtu hapotezi dhahabu namna hiyo mahali pamoja, kizazi baada ya kizazi. Ya kwanza kuandikwa habari zake iliokotwa karibu na kilele mwaka 1699, ilipokuwa inachotwa kokoto na mawe ya ujenzi. Mwaka 1842 kibarua mmoja alikuta, hatua chache kutoka langoni, vipambo viwili vya dhahabu iliyosokotwa, mnyororo wa dhahabu na pete mbili. Leo viko kwenye Jumba la Makumbusho la Uingereza. Kisha profesa Michael O'Kelly, aliyechimba hapo kuanzia 1962 hadi 1975, akaongeza sarafu nyingine, shanga za kioo na bizimu za shaba. Katika mkusanyiko huo kimo kipande kidogo ambacho mimi kinanivutia kuliko vyote: ncha ya mkufu wa dhahabu, imekatwa kutoka kwenye mkufu wake, na juu yake zimechongwa herufi za Kirumi, SCBONS.MB. Hakuna aliyeisoma kwa namna iliyokubalika na wote. Fikiria mtu anayejua herufi, au anayemlipa anayezijua, katika nchi isiyokuwa na maandishi ya Kilatini barabarani wala sokoni, anaandika juu ya dhahabu kisha anaiacha kwenye tuta ambalo hakuna binadamu pale angeweza kuisoma. Ujumbe ule haukuandikiwa majirani.

Maelezo mawili hutolewa haraka mno kuhusu vitu hivi, na yote mawili nayakataa.

La kwanza ni kwamba ibada ya wajenzi iliendelea. Newgrange inajulikana ulimwenguni kwa jambo moja: asubuhi ya siku fupi kuliko zote za mwaka, jua la kwanza hupita kwenye kidirisha cha mawe kilicho juu ya mlango na kupenya hadi chumbani. Basi watu husema hata wale wa zama za Kirumi walikuja kuliabudu jua hilo. Hawangeweza. Wakati wao kingo za tuta zilikuwa zimeporomoka zamani sana na kuufunika mlango. Ujia haukujulikana hadi ulipofunguliwa mwaka 1699. Kidirisha chenyewe kilitambuliwa mwaka 1963, na O'Kelly ndiye mtu wa kwanza wa zama zetu kuliona jua likiingia, tarehe 21 Desemba 1967. Wenye sarafu waliona kilima cha majani na mawe yamesimama mbele yake. Walichokiabudu hakikuwa kile walichokikusudia wajenzi.

Na nasaba nayo haisaidii. Tafiti za vinasaba zilizochapishwa mwaka 2016 na 2018 zimeonesha kwamba karne kadhaa baada ya Newgrange kujengwa, wageni kutoka bara la Ulaya waliingia visiwa vile kwa wingi; kwa Britania, karibu asilimia 90 ya asili ya wakazi ilibadilika katika karne chache tu baada ya mwaka 2450 KK, na Ireland nayo ilipata badiliko kubwa la aina hiyo. Yule aliyeweka dhahabu yake mbele ya Newgrange akisema moyoni "wazee wangu" alikuwa, kwa sehemu kubwa ya damu yake, mjukuu wa waliokuja kuchukua nafasi ya wazee hao.

La pili ni kwamba ni mkono wa Roma, yaani dola iliyopanda alama zake juu ya alama za wenyeji. Kwa Ireland hakuna dola ya kupanda chochote. Waliozileta sarafu walikuwa ama Wairishi waliovuka bahari kufanya biashara, kutumikia jeshini au kuteka nyara, ama wageni kutoka Britania. Kwa vyovyote ni watu waliokuwa na mali ngeni mikononi na cheo kipya cha kukitafutia mizizi. Mali mpya hushukiwa. Ukiipeleka mbele ya kilima ambacho kila mtu anaamini kimekuwapo tangu dunia iumbwe, inapata umri.

Wasimulizi wa Ireland wenyewe hawakuficha kwamba mahali hapo pamewahi kubadili mwenyewe kwa ujanja. Katika hadithi zilizoandikwa na watawa wa Kikristo karne nyingi baadaye, tuta hilo ni makao ya miungu, na kijana Aengus analipata kwa kuomba akae humo usiku na mchana tu. Muda ukiisha anagoma kutoka: dunia yote, anasema, ni usiku na mchana, basi nyumba ni yangu daima. Wanasheria wa ardhi wa kwetu wangeipenda kesi hii. Mimi naona simulizi hiyo inasema kweli zaidi kuhusu Newgrange kuliko vijitabu vingi vya watalii, kwa sababu inakiri wazi kwamba mwenye nyumba wa sasa si aliyejenga.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hili si geni hata kidogo. Kwenye magofu ya misikiti na makaburi ya kale, ubani hufukizwa na marashi humwagwa na watu wasiojua jina la aliyezikwa, na mara nyingine wanaotoka ukoo wa mbali kabisa na waliojenga. Nadhiri hiyo haina kasoro kwa anayeiweka. Aliyezikwa hahitaji kuwa babu yake ili asikilize.

Tuvuke bahari hadi Haddenham, Cambridgeshire, kwenye nyanda chepechepe za mashariki mwa Uingereza. Hapo, katika uchimbaji wa miaka ya 1980 ulioongozwa na Ian Hodder na Christopher Evans, lilionekana tuta la mazishi la Zama za Shaba, na juu yake msingi wa hekalu dogo la pembe nane la wakati wa Warumi. Hakukuwa na marumaru. Kulikuwa na kondoo waliotolewa kafara, taya zao na sarafu zikiwa zimewekwa pamoja kwa makusudi. Hawa hawakuwa makaizari wanaoigiza Achilles. Walikuwa wafugaji wa nyanda zinazofurika, chini ya utawala wa kigeni, wanaotozwa kodi, na sarafu waliyomwekea mzimu wa tuta ilikuwa na sura ya mtawala huyohuyo.

Ndiyo maana siwakubali wanaouona upinzani katika kila tuta. Ni wazo tamu: mnyonge anakimbilia kwa mababu kumkwepa mtawala. Lakini hekalu lililojengwa kwa mtindo wa mtawala, kwa sadaka ya fedha ya mtawala, ni upinzani wa ajabu sana. Vilevile si utii mtupu, maana hakuna askari aliyewalazimisha kupanda juu ya tuta hilo wakati kulikuwa na ardhi nyingine tele. Nadhani walifanya walichofanya wengi: walichukua kitu cha kale kilichokuwa karibu, wakakipa nyumba kwa lugha ya ujenzi iliyokuwa na heshima wakati wao. Watu wa Brittany, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, walifanya jambo la jinsi hiyo kwenye makaburi yao makubwa ya mawe, ambako vitu vya Kirumi huonekana mara kwa mara.

Lazima pia nijibane mwenyewe hapa, maana fani hii ina ulegevu. Sarafu moja ya Kirumi ndani ya kaburi la kale haithibitishi ibada. Mchungaji hujikinga mvua, mwizi hutafuta hazina, mtoto hupoteza alichotumwa dukani. Miguuni mwa Silbury Hill, kilima kikubwa kilichorundikwa na watu huko Wiltshire, kulikuwa na makazi ya Kirumi kando ya barabara, na palipo na barabara na watu vitu hudondoka. Ninachokitaka kabla ya kutamka neno sadaka ni vitu vya thamani vilivyoachwa kwa mpangilio, tena kwa kurudiarudia, au jengo lisiloelezeka kwa njia nyingine. Newgrange inapita mtihani huo, Haddenham inapita, na mahali pengi panapotajwa katika orodha ndefu za wanaopenda mambo haya hapapiti. Watakaochukia kupunguziwa orodha wachukie. Tuta lenye mazishi ya watu wa zama za mawe halihitaji Mrumi ili liwe na maana.

Turudi kidogo Ilion, kwa sababu huko ndiko tunakopata kitu ambacho Newgrange haiwezi kutupa: mlinzi wa kaburi anayeulizwa maswali. Mwaka 354 BK, Julian, mpwa wa Kaizari Constantine, alipita mjini hapo. Nje alikuwa Mkristo, ndani tayari alikuwa ameshairudia miungu ya zamani. Aliyempokea na kumtembeza ni askofu wa mji, jina lake Pegasius. Julian alisimulia baadaye katika barua kwamba kwenye kihekalu cha Hector alikuta makaa bado yanawaka juu ya madhabahu na sanamu inang'aa kwa mafuta. Akauliza kwa hila kama watu wa Ilion bado wanatoa kafara. Askofu akajibu kwamba haikuwa ajabu wao kumheshimu mtu mwema aliyekuwa mwananchi wao, kama vile Wakristo wanavyowaheshimu mashahidi wao.

Jibu hilo nimelitafakari sana. Askofu hakusema kwamba kaburi ni la kweli, wala hakusema ni la uongo. Hakumtaja Mungu yeyote. Alisema Hector ni wa kwetu, na kwamba kila jamii ina maiti wake wa kuwaheshimu. Wakati uleule, kote katika dola, Wakristo walikuwa wanajenga makanisa juu ya makaburi ya mashahidi, mengine yakiwa na majina ya hakika, mengine yakigunduliwa kwa ndoto. Pegasius aliona ni kazi ileile, na kwa macho ya mtunza makaburi alikuwa sahihi.

Kisha akampeleka Julian kwenye kaburi la Achilles. Julian alikuwa ameambiwa kwamba askofu huyo alilibomoa. Akalikuta zima, na askofu akilikaribia kwa heshima kubwa. Miaka michache baadaye Julian alipokuwa kaizari na kuanza kuirudisha ibada ya miungu, Pegasius aliacha uaskofu akapewa ukuhani. Walitokea watu wa kulalamika: vipi aliyekuwa kiongozi wa Kanisa jana anakuwa kuhani leo? Julian akawaandikia kumtetea, na ushahidi wake mkuu ulikuwa kwamba mtu huyu, katika miaka yote ya uaskofu wake, hakuyaharibu makaburi ya Ilion isipokuwa mawe machache ya kuwafumba macho waliokuwa wanamchunga.